Kuwauzia wafanyakazi kiwanda: mshauri yupi, na wa nani?

Swali: Mimi ni mama wa miaka 66, naishi Tororo, Uganda. Mwaka 1998 mimi na marehemu mume wangu tulifungua kiwanda cha kusaga unga wa mahindi. Leo kina wafanyakazi 71. Ni kampuni binafsi, kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya hisa. Mzee alifariki mwaka 2023 bila kuacha wosia, na kwenye karatasi hatujabadilisha kitu. Kiwanja kina hati ya jina lake. Tuna mkopo wa benki uliobakiza miaka miwili. Watoto wetu watatu ni watu wazima, wana kazi zao Kampala na Toronto, na wamesema hawataki biashara. Sitaki kumuuzia mtu wa nje atakayefukuza watu. Nataka wafanyakazi wakichukue kiwanda, wanilipe polepole. Nimezungumza na watu watatu. Mhasibu anayekagua hesabu zetu tangu 2006 anasema ataifanya kazi yote. Mshauri mmoja wa Kampala anataka milioni 15 za kuanzia na asilimia 4 ya bei tutakayouzia. Na binti yangu ameniunganisha na mtaalamu wa Uingereza aliyesaidia kampuni nyingi huko. Nimchague nani? Na hizo milioni 15 nilipe?

Jibu: Shikamoo Mama, na pole sana kwa kuondokewa na Mzee.

Kati ya hao watatu, kwa sasa usimchague hata mmoja. Mtu unayemhitaji kwanza hayumo kwenye orodha yako: ni wakili wa mirathi. Na mtu ambaye mpango huu utasimama au kuanguka kwa ajili yake hayumo pia, kwa sababu hatakuwa mshauri wako wewe. Atakuwa wa wafanyakazi. Hao watatu uliokutana nao kila mmoja ana nafasi yake, ila ni ndogo kuliko ile anayoiomba.

Tuanze na mirathi. Kwenye daftari la wanahisa na kwenye rekodi za URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, nusu ya kampuni bado ni ya marehemu, na haikuwa yako yote kwa sababu tu ulikuwa mke wake. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yaliweka mgawo kwa anayekufa bila wosia: wakiwapo mjane, watoto, wategemezi wengine na mrithi wa kimila, watoto hupata asilimia 75, mjane 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Pitisha nusu ya Mzee katika mgawo huo uone. Watoto wanashika asilimia 37.5 ya kampuni nzima, wewe unaongeza 10 juu ya 50 zako, na 2.5 zinakwenda kwa wengine. Hizo 10 zenyewe huwezi kuziuza kabla mahakama haijatoa barua za usimamizi wa mirathi na majina hayajabadilishwa kwenye daftari.

Watoto wamesema hawataki biashara, nami nawaamini. Lakini kutotaka kuamka saa kumi na moja alfajiri kupokea malori ya mahindi si sawa na kutotaka hisa. Siku watakaposikia kampuni imethaminiwa kwa mabilioni, yule wa Toronto atapiga simu, na itakuwa haki yake. Waulize mapema na wajibu kwa maandishi: wanauza sehemu yao pamoja na yako kwa bei ile ile, wanakuachia wewe, au wanabaki nayo? Majibu yote matatu yanafanyiwa kazi. Kinachovunja mipango ya namna hii ni jibu linalokuja baada ya wafanyakazi kuanza kulipa.

Kisha kiwanja. Hati ni ya jina la Mzee, kwa hiyo ardhi si mali ya kampuni, ni mali ya mirathi. Kampuni ina mashine, magari, jina na wateja. Chini ya hayo yote kuna ardhi ya familia. Hapa pana uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Mkiiuzia kampuni ardhi, bei inapanda na wafanyakazi watalipa miaka mingi zaidi. Mkiipangisha, familia inapata kodi kila mwezi na bei ya hisa inashuka, lakini wafanyakazi watakuwa wenye kiwanda kisicho na mahali pake, na miaka kumi ikipita wajukuu wanaweza kuwahamisha. Mimi ningeelekea kwenye kupangisha kwa muda mrefu, mkataba uandikishwe kwenye hati yenyewe, na kampuni ipewe haki ya kwanza ya kununua. Ila hilo ni la kuamuliwa na familia nzima mbele ya wakili.

Wakili huyo umpate wapi? Kwanza hakikisha ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, maana mawakili Uganda hukipata upya kila mwaka. Kisha mtazame anavyouliza. Akikaa nawe nusu saa bila kuomba kuona daftari la wanahisa, katiba ya kampuni na hati ya ardhi, mshukuru kwa chai uondoke. Nina kipimo kingine kidogo, cha kichokozi. Sheria za Uganda zilipangwa upya na toleo jipya likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sheria ya Kampuni sasa ni Sura ya 106, na ya Kodi ya Mapato, iliyozoeleka kama Sura ya 340, ni Sura ya 338. Ukiletewa barua ya ushauri ya mwezi huu yenye namba za zamani, si dhambi, lakini uliza ilinakiliwa kutoka wapi.

Sasa mhasibu wenu. Miaka yote hiyo ni akiba kubwa, na hakuna anayejua vitabu vyenu kama yeye. Lakini mkaguzi wa hesabu hapaswi kuithamini kampuni ile ile anayoikagua, kwa sababu atakuwa anapima kazi ya mikono yake. Maadili ya taaluma yake yanalisema wazi, na akiwa mwanachama wa ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda, anayajua. Akiyapuuza kwa ajili yako, atayapuuza na kwa ajili ya mwingine. Mwachie kazi anayoiweza kuliko wote: atayarishe hesabu safi za miaka mitano, atenganishe matumizi ya nyumbani na ya kiwanda (yapo, Mama, kila kampuni ya familia inayo), na aorodheshe madeni yote ya URA (mamlaka ya mapato) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hata yale mnayoyaonea haya.

Thamani itafutwe na mtu mwingine, na hapa watu wengi wa kwetu hupotea. Wanamleta mthamini wa ardhi, anapima kiwanja na majengo, mwingine anahesabu mashine, jumla inaitwa bei ya kampuni. Wafanyakazi hawatakulipa kwa vyuma. Watakulipa kwa faida, kwa hiyo thamani ya biashara ni hadithi ya faida inayokuja. Mthamini wa ardhi unamhitaji kwa ajili ya ardhi tu. Wa biashara awe mhasibu au mtaalamu wa fedha asiye na uhusiano na mkaguzi wenu, na kabla hujamlipa mwambie akuonyeshe ripoti moja aliyowahi kuandika, majina yakiwa yamefutwa. Tafuta ndani yake ukurasa unaoeleza kwa nini alichagua kiwango fulani cha hatari. Kama ukurasa huo haupo, namba ya mwisho imetoka hewani.

Nikufanyie hesabu ndogo ya mfano, si ya kwako. Tuseme kampuni inabakiza faida ya shilingi milioni 400 kwa mwaka baada ya kodi, na bei imekubaliwa bilioni 2. Mfuko wa wafanyakazi, yaani chombo kitakachonunua na kushika hisa kwa niaba yao, unakwenda benki. Mkopo wa biashara kwa shilingi, tuseme kwa asilimia 18, unadai riba ya milioni 360 mwaka wa kwanza. Faida ikitoka kwenye kampuni kwenda kwenye mfuko kama gawio hukatwa asilimia 15, hivyo 400 zinafika 340. Riba peke yake imewashinda, na hata shilingi moja ya deni haijapungua. Ndiyo maana uuzaji wa namna hii hapa kwetu karibu lazima uwe wa muuzaji kukopesha: benki ni wewe, riba ni ya chini, na muda ni miaka minane au kumi. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila mshauri si "bei itakuwa ngapi?" Muulize, "Nikikopesha mwenyewe, nini kinanilinda mwaka wa nne wakishindwa kulipa?" Anayejibu kwa kutaja hisa zinazobaki kama dhamana mpaka zilipiwe, kiti chako kwenye bodi, na kikomo cha mishahara ya wakubwa na madeni mapya, huyo amewahi kulifikiria jambo hili. Anayekwambia usiwe na wasiwasi hajalifikiria.

Hapo hapo muulize kuhusu benki yenu. Mkopo uliobakiza miaka miwili bila shaka una dhamana yako binafsi, na pengine kifungu kinachokataza kubadilisha wenye kampuni bila idhini. Ukiuza hisa bila kukigusa, utakuwa umetoa kiwanda na kubaki na deni lake: wenye mali ni wengine, nyumba iliyowekwa rehani ni yako. Benki hazipendi kumwachia mdhamini. Wengine husubiri mkopo uishe ndipo wauze, na kwa kuwa mirathi yenyewe itakula miezi mingi, huenda hilo ndilo lenye akili kwako. Mshauri anayetaka kufunga mauzo kabla ya hapo anieleze haraka yake ni ya nani.

Mtaalamu wa Uingereza. Sina shaka anajua kazi yake. Nchi yake ina mfano mkongwe, kampuni ya maduka ya John Lewis ambayo mwenye mali alianza kuihamishia kwa wafanyakazi kupitia amana mwaka 1929, na tangu 2014 ina sheria maalumu ya mifuko ya wafanyakazi. Muuzaji aliyeuzia mfuko huo sehemu kubwa ya kampuni alisamehewa kodi yote ya faida ya mauzo, na ni msamaha huo uliofanya kampuni nyingi zikimbilie huko. Tangu Novemba 2025 umekatwa nusu. Marekani nao wana mfumo wao wa ESOP, mpango wa wafanyakazi kumiliki hisa, chini ya sheria ya mwaka 1974, wenye nafuu zake za kodi. Uganda hatuna sheria ya namna hiyo. URA haitakupa msamaha kwa kuwa umeuzia watu wema. Faida ya kuuza hisa ni mapato, na hati ya kuhamisha hisa inatozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani. Akikuletea mchoro wa London wenye jina la Tororo juu yake, utalipia kitu ambacho mashine yake iliachwa uwanja wa ndege wa Heathrow.

Lakini usimtupe. Anachokijua yeye na hapa hatukijui vizuri ni yale yanayokuja baada ya sahihi: jinsi ya kumfundisha mwendesha mashine kusoma hesabu za robo mwaka, wafanyakazi wachague vipi wawakilishi, meneja aliyezoea kupokea amri za Mama afanye nini siku Mama hayupo. Mlipe kwa siku, kwa kazi iliyotajwa, baada ya mpango wa kisheria kukamilika hapa. Siku chache kwa njia ya video zinatosha kwa kuanzia.

Mpango wenyewe utajengwa kwa vifaa vya kawaida vya sheria yetu, na vipo. Kampuni binafsi Uganda haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 100, lakini sheria haiwahesabu wafanyakazi, wala waliokuwa wafanyakazi na wakaendelea kushika hisa baada ya kuacha kazi. Watu 71 hawana shida. Shida inaanza mmoja wao akifa na mjane wake akirithi hisa. Mjane huyo si mfanyakazi wala hajawahi kuwa, kwa hiyo yeye anahesabiwa. Miaka ishirini ikipita, kampuni ya wafanyakazi imegeuka kampuni ya wajane, wapwa na watu wasiojulikana walipo. Kwa sababu hiyo mimi napendelea hisa zishikwe zote na mfuko mmoja wenye wadhamini, yaani watu wanaousimamia kwa niaba ya wafanyakazi, kila mfanyakazi akiwa na akaunti yake ndani, na anayeondoka au familia ya anayefariki ilipwe fedha badala ya kubaki na cheti. Wengine watakushauri SACCO ya wafanyakazi ndiyo ishike hisa. Inawezekana, watu wanaielewa, lakini SACCO huja na uchaguzi wa kila mwaka na siasa zake, na mwenyekiti wa SACCO akigombana na meneja wa kiwanda unga ndio unaoungua.

Njia yoyote, muulize mshauri: fedha za kuwalipa wanaoondoka zitatoka wapi? Marekani, ambako mambo haya yana umri wa nusu karne, kampuni zilizoanza vizuri zimebanwa baadaye na hilo tu. Wazee kumi wa kwanza wanastaafu karibu mwaka mmoja, wote wanadai chao, na kampuni haikuweka akiba. Wewe mwenyewe una watu walioanza nawe 1998. Wahesabu.

Tena kuna mtego wa kodi ambao mshauri wa haraka huusahau. Ukiwapa wafanyakazi hisa bure au kwa bei ya chini chini ya mpango wa hisa za wafanyakazi, tofauti kati ya thamani na walicholipa ni mapato ya ajira, na PAYE inadaiwa. Mtu wa mshahara wa laki sita anajikuta na kodi ya mali asiyoweza kula. Wema wako unakuwa kesi na URA. Mshauri wa kodi akuandikie ukurasa mmoja juu ya hili tu, kwa jina lake na sahihi yake, kabla hujamtangazia mtu yeyote kwamba atapewa hisa.

Nimefika kwa yule wa Kampala. Asilimia 4 ya bei. Bei ikipanda anapata zaidi, na mauzo yasipofanyika hapati kitu ila zile za kuanzia. Sasa mtu huyo huyo ndiye akwambie bei ni kubwa mno kwa wafanyakazi, au kwamba ni afadhali usiuze kabisa? Hata akiwa mwaminifu, umempa kazi ya kujitia hasara. Kwa dalali wa nyumba malipo ya asilimia hayana ubaya, kwa sababu mnunuzi ana macho yake na mfuko wake. Kwako mnunuzi atalipa kwa faida ya kiwanda kile kile unachokidai fedha zako. Bei ikizidi uwezo, wa kwanza kukosa malipo ni wewe.

Muulize pia mteja wake ni nani. Akijibu "wote, mimi nasimama katikati," ogopa. Katika uuzaji huu pana watu watatu wenye maslahi tofauti: familia inayouza, kampuni itakayobeba mzigo, na wafanyakazi watakaokuwa na deni ambalo hawajawahi kuliona maishani. Wakili mmoja hawezi kuwaandikia wote watatu mkataba. Kwa kampuni ya ukubwa wako sisemi uajiri ofisi tatu kubwa za Kampala, utamaliza faida ya mwaka kwa ada. Nasema wawepo angalau wawili wasiokula chungu kimoja: mmoja wako, mmoja wa wafanyakazi.

Huyu wa wafanyakazi ndiye niliyesema mpango unamtegemea, na ndiye ambaye hakuna muuzaji anayekumbuka kumtafuta. Ada yake kampuni inaweza kuilipa, maana wafanyakazi hawana fedha hiyo, lakini wachague wenyewe kupitia kamati yao, na barua yake ya kazi iseme wazi kwamba mteja wake ni mfuko wa wafanyakazi, si kampuni, si wewe. Wakikosa pa kuanzia, chama chao cha wafanyakazi kinaweza kuwapa majina. Uingereza walijifunza hili kwa muda: tangu Oktoba 2024 muuzaji na watu wake hawaruhusiwi kuwa wengi kati ya wadhamini wa mfuko kama wanataka nafuu ya kodi, na wadhamini lazima wachukue hatua za kuhakikisha bei haizidi ya soko. Sisi hakuna anayetulazimisha, kwa hiyo jilazimishe. Bei iliyopitiwa na mtu wa upande wao haitarudi kukusumbua. Bei uliyoipanga na mhasibu wako sebuleni itazungumzwa getini kila siku mshahara ukichelewa.

Mtu huyo atafanya mambo ambayo hutayafurahia. Atauliza kama michango ya NSSF, asilimia 10 ya kampuni na 5 ya mfanyakazi, ililipwa yote kila mwezi, kwa sababu deni la zamani litakuwa lao. Atapinga kodi ya pango ya kiwanja. Na natumaini atawakataza wazee wao jambo moja. Tangu 2022 mwanachama wa NSSF aliyefikisha miaka 45 na amechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake, na nimeona jinsi watu wanavyoitazama fedha hiyo kama mtaji unaosubiri wazo. Mshauri yeyote, wa kwako au wa kwao, anayesema waitoe wakanunue hisa, mwondoe. Mshahara wao uko kiwandani, hisa zao zitakuwa kiwandani. Akiba ya uzeeni ibaki nje.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningempa kila mshauri unayemfikiria, na hakina gharama. Mlete kiwandani wakati wa mapumziko ya saa saba, mbele ya wapakizi, waendesha mashine na akina mama wa kushona magunia, awaeleze kwa dakika kumi na tano watakuwa wanadaiwa nini, watapata nini, na wanaweza kupoteza nini. Aseme Kiswahili. Tororo kuna Dhopadhola, kuna Ateso, kuna Lusamia, na Kiswahili ndicho kinachowakuta wote kwenye mzani. Asiyeweza kulieleza deni kwa Kiswahili cha kiwandani hajalielewa, au hataki lieleweke. Tazama na wanaouliza maswali, maana ndio wadhamini wako wa kesho.

Kipimo cha pili ni cha karatasi. Akikuletea makadirio ya miaka kumi yenye faida inayopanda kila mwaka, mrudishie. Mwambie aweke ndani Machi 2021, Kenya ilipositisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lenyewe lilidumu siku chache kabla ya kulegezwa kwa masharti, lakini wewe uliyekuwa karibu na Malaba unajua bei ilivyofanya. Aweke na kipindi cha Machi 2020 hadi Januari 2022, shule zilipofungwa na kufunguliwa nusunusu, kama sehemu ya unga wenu huenda mashuleni. Deni la wafanyakazi kwako linapita vipi kwenye miaka kama hiyo? Mkataba mzuri una kifungu cha kuahirisha: faida ikishuka chini ya kiasi fulani, malipo ya mwaka huo yanasogea mbele bila kuhesabiwa kuwa wameshindwa.

Ukiuliza nani Uganda amefanya kazi ya namna hii mara nyingi, utapata majina machache mno, basi usitafute jina, tafuta ujuzi ulio jirani. Katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 viwanda vya chai vya Igara, Kayonza, Mabale na Mpanga viliishia mikononi mwa wakulima wenyewe, maelfu ya watu wenye hisa ndogo ndogo. Si wafanyakazi, ni wakulima, lakini matatizo ni yale yale: mwenye hisa aliyekufa, mrithi asiye na karatasi, mkutano mkuu unaotaka gawio lote ligawanywe wakati boila limechoka. Wakili au mhasibu aliyehudumia kampuni ya aina hiyo atakufaa kuliko mtu mwenye cheti cha kozi ya ESOP ambaye hajawahi kukaa kwenye mkutano wa wanahisa mia tano.

Milioni 15 usilipe. Mtumie ujumbe kama huu: "Asante kwa mazungumzo yetu. Kabla ya kuendelea namaliza mirathi ya marehemu mume wangu. Baada ya hapo nitahitaji mtu wa kuratibu kazi kwa upande wa familia peke yake. Wafanyakazi watakuwa na mshauri wao. Malipo yatakuwa ya kiasi kilichotajwa kwa kila hatua, hatua ikikamilika, na hakuna asilimia ya bei. Hatua ya kwanza ni ripoti ya kurasa chache inayonieleza kama kuuza kwa wafanyakazi kunawezekana au hakuwezekani, na jibu lolote kati ya hayo mawili linalipwa sawa. Ukikubali, niletee bei ya hatua hiyo na majina ya wateja wawili ninaoweza kuwapigia simu." Akikubali, amejiweka mahali pazuri na mimi mwenyewe ningemsikiliza. Akikasirika, umeokoa milioni 15.